Usaili wa Somoe Akiwa Edani

Tangu alfajiri Somoe hakutia kitu kinywani. Simu aliiegemeza kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi akaiweka juu ya sanduku, na sanduku akalisukuma mpaka chini ya dirisha, kwa sababu katika nyumba nzima ile ya Utende mtandao ulishika hapo tu. Pazia aliliteremsha. Mlango akaurudishia. Kisha akachukua kipande cha plasta ya kidonda, akakibandika juu ya kamera.

Somoe alikuwa edani. Ilikuwa siku ya sabini na moja tangu mumewe, Taufiki, afariki kwa homa ya siku tatu, na zilibaki hamsini na saba. Mwanamke wa eda haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Hata muuza samaki akipiga hodi, Somoe alisema naye kutoka nyuma ya pazia, na mama mkwe wake, Bi Biubwa, alikaa mbele mpaka maneno yaishe. Ndivyo walivyolelewa. Sasa mtu huyo huyo, anayeogopa kuonwa na muuza samaki, alikuwa akingoja kusailiwa na watu wa Dar es Salaam kwa simu ya kuonana!

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa mtandaoni: unakaa nyumbani kwako, unajibu barua pepe za wageni wanaotaka kuja kutembea, unawapangia tarehe, boti na vyumba. Ofisi ilikuwa ndogo, na aliyeandikiana naye ni mwanamke, Bi Aleena. Isingekuwa hivyo asingethubutu. Kabla ya msiba Somoe alikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya pale ghubani, na Kiingereza chake alikiokota humo. Alipoingia edani nafasi yake ilipewa mwingine, naye hakumlaumu mtu.

Lakini kazi hii aliitaka mpaka inamuuma. Kaka yake, Matano, alishasema kwamba eda ikiisha tu anakuja na pikipiki kumchukua, warudi kwao Ndagoni wakalime muhogo. Aliyasema kwa wema, masikini, hakuwa na ubaya. Mjane asiye na mtoto atakaa ukweni kwa hoja gani? Na Bi Biubwa, ambaye Taufiki alikuwa mwanawe wa pekee, aliyasikia maneno yale akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele wake. Kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Somoe. Miaka sita ameishi na mama yule, na miaka sita anaitwa "mke wa Taufiki". Jina lake halijapata kutajwa. Na sasa Taufiki mwenyewe hayupo, huyo mke wa Taufiki ni nani tena? Alijiambia kwamba akiwa na kazi, tena ya humu humu ndani, labda hataondolewa. Kuuliza hakuthubutu. Alimwogopa mama mkwe kuliko usaili, na asubuhi ile akamdanganya kwamba anataka utulivu asikilize darsa ya dini. Uwongo, na yuko edani! Masikio yalimwaka moto.

Simu ikaita. Bi Aleena akamsalimia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, Somoe akashusha pumzi. Mara ikaingia sauti nzito.

"Mimi ni Mujtaba, ami yake Aleena, na ofisi ni yangu. Maswali nitauliza mimi."

Mwanamume. Somoe akaibonyeza plasta kwa kidole, isije ikabanduka.

"Mbona hatukuoni? Kamera yako ina nini?"

"Mtandao wa huku ni mdogo," Somoe akasema, na huo ukawa uwongo wa pili.

Bwana Mujtaba hakupoteza muda. Akatoa mfano: mgeni anataka kwenda kisiwa cha Juani kuyaona magofu ya Kua, Jumamosi ijayo, boti iondoke saa nne asubuhi. Atamjibu nini? Somoe alihesabu siku za mwezi mwandamo kwa vidole hata kabla hajajua kwamba anahesabu.

"Jumamosi ijayo ni bamvua, maji hujaa na kutoka kupita kiasi. Saa nne maji yatakuwa yametoka, boti itakwama mbali, na mgeni atatembea topeni. Nitamshauri aondoke mchana, maji yakiwa yanajaa."

"Hayo nani kakufundisha?"

"Mume wangu. Alikuwa nahodha, akiwapeleka wageni kuogelea na papa potwe."

"Vizuri sana! Manahodha tunawatafuta. Tupe namba yake."

Somoe akaitazama simu. Ilikuwa ya Taufiki, na laini ilikuwa ya Taufiki.

"Ni hii mliyopiga," akasema.

"Basi mpe tuseme naye."

"Hayupo."

"Anarudi lini?"

Sauti ya bwana yule ikabadilika. "Dada, na hili nalo sikulielewa. Kwenye barua yako umeandika kwamba uko nyumbani kutwa kucha, hutoki hata dukani, mpaka tarehe kumi na nne Machi. Tarehe hiyo kuna nini? Una mkataba kwingine?"

Maskini Somoe! Sentensi ile aliiandika kwa kujivunia. Aliona hakuna mfanyakazi wa nyumbani atakayemshinda mtu wa eda, na tarehe akaiweka ili asionekane mwongo.

"Sisi tulishatapeliwa," Bwana Mujtaba akaendelea. "Anasailiwa huyu, kazi anafanya yule. Fungua kamera tukuone, au tuishie hapa."

Woga ulimpanda Somoe. Akifungua, anaonwa. Asipofungua, ni Ndagoni. Siku sabini na moja watu ndio waliomwambia yeye neno lile la kifo, na kumpa pole, na kumshika mikono. Yeye mwenyewe hajapata kulitamka.

"Mume wangu Taufiki amekufa," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Neno eda hakulijua kwa Kiingereza, akalisema lilivyo. "Niko eda. Machi kumi na nne natoka."

Mlango ukasukumwa. Bi Biubwa alisimama na ungo wake mkononi.

"Darsa gani hii," akauliza, "inamtaja mwanangu kwa Kizungu?"

Somoe akaeleza kwa kunong'ona, maneno yakikanyagana: kazi, Dar es Salaam, huyo bwana, kamera. Alingoja kufukuzwa. Bi Biubwa akaitazama simu, akaweka ungo chini.

"Nenda nyuma ya chandalua," akasema. Akajifunga kanga yake sawasawa, akakaa mbele ya sanduku vile vile anavyomkalia muuza samaki, akabandua plasta kwa ukucha.

"Innalillahi," ilisema sauti ya Bwana Mujtaba kutoka simuni, sasa kwa Kiswahili. "Shikamoo mama. Pole sana. Hatukujua."

"Marahaba. Tumeshapoa. Uliza, anakusikia."

Bwana Mujtaba alisafisha koo. "Dada, kazi unaiweza, nimesikia. Limebaki moja. Tunataka mtu mwenye makao ya kudumu na mtandao wa uhakika. Eda ikiisha, utakuwa wapi?"

Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa Somoe kila siku katika siku zile zote, na ajabu, jibu lake hakuwa nalo yeye. Lilikuwa kwa mama yule aliyempa mgongo. Aliutazama mgongo ule, akasubiri.

"Atakuwa hapa," Bi Biubwa akasema. "Kwani ana kwao kungine?"

"Samahani, mama. Wewe ni nani wake?"

"Mie ndo mama yake. Na jina lake Somoe. Liandike vizuri."

"Nimeandika. Aanze Jumatatu, mwezi wa kwanza ni wa majaribio."

Bi Biubwa akageuza shingo kidogo. "Umesikia, Somoe? Haya, niambie kinazimwaje hiki, bwana wa watu bado ananitazama."

Nyuma ya chandalua Somoe alikuwa ameuma pindo la kanga, asije akasikika akilia.