Nyumba ya Paa Moja

Mama Taaka amewapikia chai madereva wa malori hapa Busia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Karibu kila anayekunywa kwake anaelekea Mombasa, na kila mmoja humwachia neno kuhusu bahari: kwamba maji yake yana chumvi, kwamba huondoka asubuhi yakaacha mchanga mtupu, kisha yakarudi yenyewe. Taaka alizaliwa kando ya ziwa, huko Majanji, na ziwa lake halijawahi kwenda popote. Hilo la maji kuondoka na kurudi lilimwingia moyoni likakataa kutoka.

Mimi ni Nerima, jirani yake. Nina gesti ndogo, ukuta mmoja na kibanda chake, kwa hiyo anayoyasema nayasikia nikitaka nisitake. Mwaka jana alianza kumimina chai nje ya kikombe. Daktari wa macho alimwambia kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na iliyobaki itaifuata polepole. Aliporudi kutoka huko alikanda unga wake kama kawaida, kisha akaniita.

"Nerima, mimi nataka nione hiyo maji mbele macho haijafunga."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza, maana machozi yalikuwa yananijia.

Binti yake, Sandra, ameolewa Merikit, upande wa Tororo, na Opendi, mwalimu wa shule ya msingi. Opendi aliposikia habari ya macho, akaamua kwamba Desemba, shule zikifungwa, wataenda wote: yeye, Sandra, watoto wao wawili na mama. Kazi ya kutafuta malazi nikatwishwa mimi, eti mwenye gesti anazijua gesti zote za dunia.

Desemba Mombasa si mchezo. Hoteli za ufukweni nilizipigia simu kwa ujeuri tu, nikakata kabla hawajamaliza kutaja bei. Mtwapa nilipata vyumba juu ya baa. Bamburi walitaka tulipie mwezi mzima. Nilisumbua kila dereva aliyelala kwangu, mpaka mmoja akanipa namba ya mama mmoja wa Likoni: nyumba ya vyumba vitatu, jiko ndani, ufukwe hapo karibu, na bei ambayo mwalimu anaweza kuibeba. Siku hiyo hiyo nikatuma malipo ya kwanza. Nikajiona mjanja, nikaenda kibandani kutangaza.

Taaka alisikiliza mpaka mwisho, uso umemkunjuka kama msichana. Halafu akauliza, "Na mwalimu atalala wapi?"

"Chumba cha mwisho, yeye na Sandra. Wewe na watoto cha mbele."

Akaweka birika chini. "Hiyo nyumba iko na paa ngapi?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kwetu Wasamia, mama na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na mmoja akiwa na neno la kumwambia mwenzake hulipitisha kwa mtu. Si ugomvi, ni heshima, na huko kwa kina Opendi ni vivyo hivyo. Mimi nimezaliwa humo humo, lakini kugawa funguo kila siku kumenifanya nihesabu milango tu.

Nikampigia mwenye nyumba.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha pwani, "kila chumba kina mlango wake na kitasa chake. Hofu ya nini?"

"Si mlango, mama. Ni paa."

"Sasa nimjengee paa lake peke yake?"

Sandra akatoa wazo la hoteli ya ghorofa, mume wake chini, mama juu. Taaka akamgeukia. "Nilale juu ya kichwa ya mkwe?" Wazo likafia hapo. Nyumba mbili hatukuziweza, na pesa niliyotuma ilikuwa hairudi.

"Basi mwende nyinyi," Taaka akasema. "Mtakuja kuniambia." Akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Jumapili Opendi akaja. Hakuingia kibandani, alikaa kwangu, upande wa pili wa ukuta, akaongea kwa sauti ya darasani.

"Mama Nerima, mwambie mama mimi sitaenda. Shule imeniita kazi. Wewe uende kwa nafasi yangu, umshike mkono."

Shule gani inaita mwalimu Desemba? Tena huyu ni mtu ambaye kila mwaka huchora bahari ubaoni kwa chaki ya buluu, anawafundisha watoto maji kupwa na maji kujaa, na hajawahi kuiona hata siku moja. Nilimwona jinsi alivyoangalia sakafu. Kutoka upande wa pili wa ukuta Taaka akaniambia, "Mwambie nimesikia."

Tulifika Likoni, nikalala kitanda alichopangiwa Opendi. Asubuhi nilimshika Taaka mkono tukashuka ufukweni, Sandra na watoto mbele. Maji yalikuwa yameondoka. Taaka alisimama akikaza macho.

"Sandra, pigia mwalimu."

Sandra akapiga, akangoja apewe neno la kupitisha. Mama yake akanyoosha mkono, akaichukua simu mwenyewe. Tangu Sandra aolewe hajawahi kufanya hivyo.

"Mwalimu, ni mimi."

Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia Opendi akiitika. "Ndiyo, mama."

"Imetoka. Iko mbali sana, naona nyeupe kidogo huko. Mawe imebaki nje."

"Itarudi, mama. Ngojeni."

Tukangoja jua likipanda, watoto wakichimba mchanga. Maji yalipoanza kusogea, akaitaka simu tena.

"Sasa inakuja. Haina haraka. Inakuja, inarudi kidogo, inakuja tena. Imefika kwa vidole yangu. Ni ya moto, mwalimu, si kama ya ziwa."

"Endelea, mama," Opendi akasema, na sauti yake haikuwa ya darasani tena. "Endelea tu."

Akaendelea. Alimweleza povu, rangi, mjukuu wake mdogo anayekimbizana na maji. Katikati ya hayo nikasikia simu ikilia mlio wa kukatika. Salio lilikuwa limekwisha. Taaka hakuutambua. Sandra alinitazama, nami nikamtikisia kichwa asimwambie. Maji yakampanda mpaka magotini, naye bado anamweleza mkwe wake yote anayoyaona.