Pipa la Injini ya Baba

Ninyi mliokua na ngata kichwani na ndoo juu ya ngata mtanielewa bila maelezo mengi. Enzi zetu maji hayakuja nyumbani, sisi tuliyafuata. Wajukuu zangu hapa wakifungua bomba wanaliacha linatiririka huku macho yao yako kwenye simu, na nikifoka wananitazama kana kwamba nimeigombeza mvua. Maji hayo yanatoka Ziwa Victoria. Yamesafiri chini ya ardhi mpaka kijijini kwetu, huku karibu na Kharumwa, na hakuna mtoto aliyeyabeba hata hatua moja. Watu wa umri wangu husema hatuwaonei wivu vijana. Mimi nawaonea, na nina sababu yangu.

Mimi ni Dotto, na pacha wangu ni Kulwa. Asubuhi tulikwenda shule na fagio mkono mmoja na furushi la mbolea ya ng'ombe mkono mwingine, kwa ajili ya bustani ya mwalimu, na mfukoni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani, migumu mpaka taya linauma. Mapumziko tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na aliyepigwa mgongoni alijifanya hajaguswa mpaka wote wapige kelele. Jioni Mama alipika michembe kwa karanga, na harufu yake ilitufuata hadi tulipokuwa tunacheza mdako. Mama alikuwa na neno moja ambalo alilisema mpaka likawa kama jina letu: "Ninyi wawili, ndoo zimejaa?" Hakuuliza kama tumekula, wala kama tumefaulu hesabu. Ndoo kwanza.

Tulikuwa na visima viwili. Kimoja kilikuwa nyuma tu ya shule, nacho tulikiita Chumvi. Maji yake hayakutoa povu la sabuni, chai yake ilikuwa ya kutema, lakini ng'ombe waliyapenda na yalifaa kunawia miguu. Kingine tulikiita Baridi, ng'ambo ya kilima, na ukienda asubuhi ukarudi, jua limeshakuchoma utosi. Maji ya kunywa yalikuwa ya Baridi. Hilo kila mtoto alilijua kabla hajajua kusoma.

Halafu ikaja injini.

Ililetwa juu ya lori la pamba, nusu ya kijiji ikikimbia nyuma yake. Ilikuwa injini ya boti, ya dizeli, ya rangi ya buluu iliyochubuka, na ilikuwa imevusha watu na dagaa ziwani kwa miaka. Baba aliinunua kwa Fundi Bwire, mtu wa mwaloni, kule boti za dagaa zinakotia nanga, upande wa Geita, mwembamba, mpole, mwenye oili kwenye mistari ya viganja ambayo haikutoka hata Jumapili. Fundi alikuja na injini yake na akahamia kijijini pamoja na binti yake Neema, ambaye mwalimu alimkalisha kwenye dawati letu, katikati yangu na Kulwa. Injini ilifungwa mkanda, mkanda ukazungusha kinu, na kuanzia hapo akina mama wakaacha kutembea siku nzima kutafuta mashine ya kusaga. Baba alikuwa wa kwanza kijijini. Alianza hata kutembea tofauti, mikono nyuma.

Sasa injini ya boti haina rejeta kama ya lori. Yenyewe hunyonya maji ya ziwa, yakazunguka mwilini mwake yakaipoza, kisha ikayatema. Kwa kuwa sisi ziwa hatukuwa nalo, Fundi Bwire alisimamisha pipa, akaunga mipira miwili, mmoja wa kunyonya na mmoja wa kurudisha. Akatuita mimi na Kulwa.

"Wanangu, hili pipa ndilo ziwa lake," alisema. "Imezoea maji matamu. Ya Chumvi msilete hata kikombe. Mtaiua."

"Ndiyo, Baba Neema," tukajibu kwa pamoja.

Kazi ya pipa ikawa yetu. Injini ikinguruma maji yalikuwa ya moto, mvuke ukipaa, na kila siku pipa lilipungua. Ndoo nne, tano, sita, juu ya zile za nyumbani, zote za kutoka ng'ambo ya kilima. Tulifanya hivyo masika yote bila kosa. Kiangazi kilipokuja, Baridi ikawa foleni ya ndoo mpaka kwenye njia, wenzetu wakicheza rede sisi tumekaa juu ya madumu. Siku moja Kulwa alisimama pale nyuma ya shule, akatazama kilima, akatazama kisima cha Chumvi.

"Maji ni maji," alisema. "Injini haina ulimi."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na mimi ndiye niliyechota wa kwanza.

Ikawa desturi. Baridi kwa mtungi wa Mama, Chumvi kwa pipa la Baba. Maji yalipaa, chumvi ikabaki, na sisi tukaongeza nyingine juu yake. Baada ya wiki chache mstari mweupe ulianza kuota ndani ya pipa, mkavu, unakwaruza ukiupitishia kidole. Tulijua ni nini. Kila Jumamosi tuliusugua kwa gunzi na mchanga mpaka pipa likang'aa, na Baba akatusifu mbele ya wateja kwa usafi. Nilizipokea sifa hizo.

Injini ilianza kukohoa wakati wa mavuno yaliyofuata. Moshi ukageuka mweupe, na siku ambayo Fundi Bwire alikagua oili, ilikuwa imekuwa kama chai ya maziwa, ishara kwamba maji yameingia. Akaifungua palepale, watu wamesimama na magunia yao ya mahindi. Njia za maji ndani yake zilikuwa zimejaa kutu na ukoko mweupe, chuma kimelika mpaka kimetoboka kama kiazi kilichoingiwa na wadudu. Fundi akainuka. Akaenda kwenye pipa, akachovya kidole, akalamba. Kisha akatujia.

"Mnachota wapi, wanangu?"

"Baridi," nikasema mimi. Kulwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Alinitazama. Hakukunja uso, hakuinua sauti. Alimgeukia Baba akasema polepole, "Mzee, maji haya yana chumvi." Na Baba, mikono nyuma, akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Wanangu hawasemi uongo."

Ng'ombe wanne walikwenda mnadani. Baba alisafiri Mwanza kutafuta kichwa kingine cha injini, akarudi nacho kimefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga, Fundi akakifunga bila kudai ujira. Wiki tatu tu. Maji yakapenya tena, safari hii kwenye bloku yenyewe, ule mwili wa injini, na bloku haina dawa. Tulikuwa tumerudi kuchota Baridi na kuiongeza juu ya chumvi ya zamani pipani, lakini tulikuwa tumeshachelewa, kilichoharibika kilikuwa kimeharibika tangu kiangazi.

Baba akaitisha wazee. Alisema Fundi Bwire alimletea injini iliyokwisha kuliwa na maji ya bahari, akaipaka rangi, kisha akamlia na ng'ombe. Fundi akajibu kwamba injini ile haikuwahi kuiona bahari, wazaliwa wa mwaloni wote wanaijua. Akaomba jambo moja tu, watu waende wakaonje pipa. Baba alishalimwaga. Akatuita sisi mbele.

"Semeni. Mlichota wapi?"

Neema alikuwa amesimama upande wa wanawake. Nilimwona. Nikasema, "Baridi." Kulwa naye akasema, "Baridi." Watu wakaguna kwa kuridhika, maana watoto wa enzi zetu walisifiwa kwa kutodanganya. Mpaka leo nasikia wenzangu wakisema watoto wa zamani walikuwa waaminifu, hawa wa sasa ndio waongo. Huwa nanyamaza.

Hakuna mwenye mashine tena aliyemwita Fundi Bwire, si Kharumwa, si Segese, si popote habari ilipofika. Mwishowe alikwenda upande wa Bugarama kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, yeye aliyekuwa akisikiliza injini kwa sikio tu akakuambia inaumwa wapi. Neema aliacha shule. Dawati letu likabaki na nafasi katikati, na mimi na Kulwa hatukusogeleana kuijaza. Fundi alifia hukohuko kwenye mawe, na tulisikia habari zake wakati tayari amezikwa.

Nikakua, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu kusema kweli kwa miaka mingi. Injini ilibaki uani ikiliwa na kutu, kuku wakitagia chini yake. Vijana wa chuma chakavu walipokuja na mizani yao, Baba aliwafukuza kwa fimbo.

Kisha bomba likafika. Baba alikuwa mzee sana, hatoki kitini, na nilimpelekea glasi ya kwanza. Akanywa kidogo, akayazungusha mdomoni.

"Haya matamu," alisema. "Yale yenu yalikuwa machungu."

Nikamuuliza yapi.

"Ya kwenye pipa. Nilionja, Dotto. Kabla ya kulimwaga."

"Sasa Baba, mbona ulitusimamisha mbele za wazee?"

"Nilikuwa nimeshasema wanangu hawasemi uongo. Nimesema mbele za watu." Akanirudishia glasi. "Ningerudije?"

Miaka yote nilidhani nimemdanganya. Kumbe alinisikia nikidanganya na akaniacha nimalize, kwa sababu uongo wangu ulimfaa. Nilikasirika mpaka nikashindwa kulia. Nilimwambia twende kwa Neema, tukamwambie. Akasema mwenye jina ameshakufa, jina la nini tena. Mwaka haukuisha, naye akafa.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Neema alikuja kutoka Bugarama, mwanamke mzima, khanga mbili na kilo za sukari za rambirambi. "Pole, Dotto," alisema, akanishika mkono, akaenda kukaa kwenye mkeka na wengine. Wadogo zangu walikuwa wameandika wasifu wa marehemu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nikapewa niusome. Niliuona mstari ule kabla sijaufikia: marehemu alikuwa wa kwanza kijijini kuleta mashine ya kusaga, ambayo kwa bahati mbaya iliharibiwa na fundi asiye mwaminifu. Ningeweza kuuruka. Ningeweza kukunja karatasi nikasema ukweli kwa maneno manne. Kulwa alikuwa amenikazia macho, Padri alikuwa anasubiri, na watu wote wale walikuwa wamekuja kumsifu Baba.

Niliusoma. Sauti haikutetemeka, ni sauti ya darasani. Neema aliinama akaunyoosha upindo wa khanga yake, akaunyoosha tena. Baadaye nilimwona bombani na akina mama wenzake, anasuuza masufuria yetu, maji ya ziwa yanamwagika juu ya mikono yake hadi chini, tele, hakuna anayeyahesabu.

Ndiyo maana wajukuu wakiacha bomba wazi nafoka kuliko inavyostahili. Wao wana kila kitu karibu, na mimi nikiwa na umri wao nilikuwa na kisingizio. Nilidanganya kwa sababu kisima kilikuwa mbali. Siku ile ya mazishi hakuna kilichokuwa mbali. Neema alikuwa hatua kumi tu kutoka niliposimama.