Vitendawili vya Nyamizi vimeshafika Dar, mkataba bado hajausaini

Bariadi. Majogoo wa Somanda wameshanyamaza, na Nyamizi Luhaga anafungua ndoo ya kwanza ya maziwa mgando pembeni ya njia iendayo hospitali. Bodaboda zinapita zikitimua vumbi. Anafunika, anafunua, anafunika tena. Simu yake imelala kifudifudi juu ya benchi. Ikitetemeka, mkono wenye upawa unaganda hewani.

"Siyo wao," anasema akiichungulia. "Ni hawa wa matangazo ya vifurushi."

"Wao" ni kampuni moja ya Dar es Salaam inayochapa vitabu. Nyamizi, mjane wa miaka hamsini na minne aliyeishia darasa la saba, ameandika kitabu cha vitendawili vya Kisukuma pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Ijumaa hii anatakiwa awe ameusaini mkataba. Tangu umfikie, tonge halimshuki vizuri.

Kitabu chenyewe kilizaliwa hapa hapa penye ndoo. Wateja wanaijua sheria ya mama huyu: ukimtegea akashindwa, unaongezewa upawa mmoja bure.

"Mwangaluka, mayu," anamwamkia mama huyo kwa Kisukuma Masalu, dereva wa bodaboda, kofia ngumu ingali kichwani. "Kitendawili!"

"Tega, baba."

"Akishiba kimya, akiwa na njaa anapiga kelele mji mzima."

Nyamizi anafikiri, jicho moja likiwa kwenye simu. "Si wewe huyo?"

Waliokaa kwenye benchi wanaangua kicheko. Masalu hatikisiki. "Nipe mji!"

"Haya, chukua Nyashimo, ukale samaki wa watu."

"Nimekwenda Nyashimo, nimekula, nimeshiba. Jibu ni debe la maziwa, mayu, na lile pale tupu umelikalia!"

Masalu anapata upawa wake. Vitendawili vingine vilitoka kwa marehemu mama yake Nyamizi, Nyanjige, ambaye hakujua kusoma lakini alijua kutega mpaka watoto wasahau njaa. Likizo iliyopita Scola, binti wa Nyamizi anayefundisha Nyashimo, alivichapa vyote kwenye kompyuta. Ndipo mama na binti wakaanza kuuliza bei.

Siku hizi, wanaeleza, si lazima mwandishi achape vitabu elfu moja vikaliwe na mchwa. Kitabu kinakaa kwenye kompyuta. Mteja akiagiza kimoja, kinachapwa kimoja. Mwandishi anapata fungu lake, nalo huitwa mrabaha.

Kampuni ya Dar ilitaka ada ya kuanzia shilingi laki tatu. Kitabu kikiuzwa elfu kumi na tano, elfu saba ni za kuchapa, na zinazobaki wanagawana nusu kwa nusu. Nyamizi anabaki na elfu nne.

Kampuni nyingine, ya ng'ambo, haikutaka ada, na fungu la mwandishi lilikuwa nono zaidi. Lakini nauli ya kukifikisha kitabu kimoja Bariadi ilizidi bei ya kitabu, na malipo yalitaka akaunti ya benki ambayo muuza maziwa hana. Duka la kopi hapa mjini lilitaka elfu kumi na moja kwa kila kitabu, mkononi, kisha uza mwenyewe utakavyo.

"Kwa hapa nyumbani, nikiuza kwa bei ile ile, nabaki na elfu nne, na kwa Dar elfu nne," anasema. "Ila kwa Dar, mpaka viuzwe vitabu sabini na tano ndipo ada yangu irudi. Nani atanunua vyote hivyo? Lakini Dar kuna watu, nikajipa moyo."

Hapo ndipo alipojikwaa. Kwao Nkololo, mtu akitaka kumtunzisha mwenzake ng'ombe, humswaga mnyama kwanza mpaka zizini kwa mtunzaji; mambo ya maziwa na ndama huzungumzwa hapo hapo, wakimwangalia. Mtunzaji anakamua, ndama wanagawanywa, na mwenye ng'ombe akimtaka siku yoyote anarudishiwa. Ng'ombe akifa, inaletwa ngozi iwe ushahidi.

Nyamizi akaona kitabu nacho ni ng'ombe. Akamwambia Scola akitume chote kizima, kurasa zote, kabla ya mkataba kuonekana.

Mkataba ulikuja baadaye. Unasema kampuni peke yake ndiyo itakayovichapa vitendawili hivyo kwa miaka saba, na hata yeye hatavitoa kwingine bila ruhusa yao. Ada hajalipa, wala hajasaini. Lakini kitabu wanacho.

"Nilipiga simu," anasimulia, sauti ikipungua. "Dada wa kule ana adabu, sina ubaya naye. Nikamuuliza, nisiposaini? Akasema, basi mama, faili tutalifuta. Nikamuuliza, nitaonaje kwamba limefutwa? Akacheka kidogo, akasema tuamini tu."

Anakoroga maziwa yasiyohitaji kukorogwa.

"Ng'ombe akirudishwa unamwona anaingia zizini, unamhesabu. Hili likifutwa naona nini? Ngozi iko wapi? Naogopa nitakaa hapa siku moja, mtoto anunue kitabu, anitegee kitendawili cha mama yangu, jaladani pameandikwa jina la mtu nisiyemjua."

Scola naye hana usingizi. "Mimi ndiye niliyebonyeza kutuma," anasema kwa simu. "Mwalimu mzima. Nilimsikiliza mama kama tunapeleka ndama."

Jumanne, Bujiku Masunga, shemeji yake anayemtunzia ng'ombe wawili Nkololo, analeta madebe ya maziwa. Anayashusha, anamtazama.

"Shemeji, umekonda kama kuku wa mgeni. Huyo ng'ombe wa Dar ulimpeleka mbele ya nani?"

"Mbele ya Scola."

"Scola ni tumbo lako, huyo si shahidi! Hawa wawili ulinikabidhi majirani wote wa Nkololo wakiona. Nikithubutu kula mmoja, hata wake zangu watanitaja."

Nyamizi anafunika ndoo, anamwachia Bujiku upawa, na kwenda zake mjini.

Kwenye duka la kopi anamkuta Constantine, kijana mwenye mashine. Anaagiza vitabu vinane, fedha ya maziwa ya wiki nzima na akiba ya sukari juu. Anataka chini ya kila kitendawili liandikwe jina la aliyekitoa, na mwaka.

"Majina yote haya, mama? Yatakula kurasa."

"Yaache yazile. Na Nyanjige umwandike kila alipo, usimfupishe."

Jumapili atavipeleka Nkololo, ibada ikiisha, avisome vitendawili kwa sauti mbele ya wanakijiji, wateja waliomtegea na watoto wao, kisha aache kitabu kimoja shuleni na kimoja kanisani. Ijumaa ataiacha ipite bila kuusaini mkataba. Vikiisha vinane, atachapa vinane vingine.

Hofu je, imeisha?

"Iishe iende wapi? Vitendawili bado viko kule, na mimi siwezi kuvikamata," anasema Nyamizi. "Lakini nilivipeleka gizani peke yangu. Sasa nataka kijiji kizima kivijue kwa jina, ili siku vikipita njiani na mtu mwingine, wasiache kumuuliza amevitoa wapi."