Siku Niliyomnyamazisha Mjomba Kule Tanuf

Nakuhadithieni nyie tu, maana wengi wenu mshaisikia nusu yake kutoka kwa watu wa kwetu Ibra, na nusu hiyo inanivua nguo kuliko ukweli wenyewe, ingawa ukweli nao, wallahi, unatosha. Mimi Zuwena mnayeniona hapa, niliyesomeshwa Unguja, niliyefundishwa adabu kwa mkwaju, niliwahi kumwekea mjomba wangu kidole mdomoni. Si mdomoni mwake, mdomoni mwangu, hivi, shhh, kama anavyonyamazishwa mtoto msikitini.

Ilikuwa miaka ile ya themanini mwanzoni. Nilikuwa mpiga chapa katika kampuni moja ya Wajapani iliyokuwa ikitandaza mabomba ya maji huku Oman, upande wa Nizwa, na kambi yao ilikuwa karibu na Tanuf, chini ya jabali. Mkubwa wa kazi alikuwa na mke akiitwa Bi Haruko, mwanamke mdogo wa umbo, mpole mpaka unaona haya kusema naye kwa sauti. Aliniona siku moja ninainuka kwenye mashine nimeshika kiuno kama bibi kizee, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba anakusanya wanawake wachache, wakae nyumbani kwake siku tatu, wafanye mazoezi ya yoga, wale chakula chepesi, na wajifunze kukaa kimya wakasikiliza pumzi zao. Mume wangu Nassor alicheka, akasema, "Nenda, labda utarudi hujui kugomba." Basi nikaenda.

Nyumba yenyewe ilikuwa kambini humohumo, lakini ukivuka kizingiti unasahau kuwa uko Oman. Mikeka mizito ya kwao ukuta kwa ukuta, milango ya karatasi ya kusukuma, na nje baraza ya mbao na uwanja wa changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki mistari mistari, hakuna mti, hakuna ua. Tulikuwa watano, mimi, nesi wa Kihindi wa Nizwa, mwalimu mmoja wa Kiingereza, na Wajapani wawili, wake za mainjinia. Tulivaa suruali pana za pamba na fulana, vichwa wazi, maana tulikuwa wanawake peke yetu na wanaume walikatazwa upande ule.

Sharti lilikuwa moja tu. Kikengele cha shaba kikigongwa, unapiga magoti, unakalia visigino, unafumba macho, na hakuna neno mpaka kigongwe tena. Sasa siku ya kwanza mimi nililala. Nikakoroma! Nesi alikuja kunihadithia chakulani, na yule mwalimu akageuza uso kuficha kicheko, na Bi Haruko, maskini, akaniinamia akasema hapana neno, hutokea. Nyie mnanijua, sipendi kushindwa. Nikala kiapo moyoni kwamba kesho nitakaa kama jiwe, na mume wa huyu ndiye anayenilipa mshahara, asije akasikia kuwa mpiga chapa wake ni mvivu hata wa kukaa bure.

Basi siku ya pili, kabla ya adhuhuri, tumekaa. Na kweli nilikaa. Miguu ilianza kuuma, ikapita kuuma, ikaanza kufa, mimi kimya, nahesabu pumzi. Ndipo nikasikia nje fimbo inagonga mbao za baraza, na sauti.

"Hodi. Assalamu alaykum."

Niliijua sauti hata kabla ya kumaliza salamu. Ni mjomba Hamdani, ndugu yake mama tumbo moja, mzee mwenye haiba yake, anakaa Ibra na mama. Nikafanya hesabu haraka haraka kichwani, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Mjomba alikuwa na desturi ya kuja Nizwa kila akiwa na karatasi za baladiya, ofisi ya manispaa, ananichukua nikamsomee na kumsemea, maana yeye akiona meza ya ofisi anapandwa na hasira. Nikajisemea, karatasi tena, na leo, na hapa, na mimi kichwa wazi na suruali. Atangoja. Kengele karibu itagongwa.

Salamu ya pili ikaja. "Assalamu alaykum, Zuwena. Umo humo, binti?"

Nikafumbua macho. Mlango wa karatasi ulikuwa umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa, na mjomba alikuwa amesimama pembeni, uso ameugeuzia kwenye jabali kwa staha, lakini akageuka kidogo kuhakikisha, na macho yetu yakakutana. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye ndevu. Ningesema neno moja tu, "naja mjomba", nani angeniua? Bi Haruko angeniua? Wenzangu wamefumba macho, hakuna anayetikisika, na mimi ndiye niliyekoroma jana. Nikainua kidole, nikakiweka mdomoni.

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alinitazama kama mtu aliyegonga nyumba siyo. Akatoa salamu ya tatu, ya chini, kama mtu anayemaliza wajibu wake, na mnajua wenyewe, ukitoa salamu mlangoni mara tatu usijibiwe, unarudi zako. Akageuka. Nikasikia fimbo inashuka baraza, na mimi, hasara yangu, nikafumba macho nikaendelea na pumzi.

Kengele ilipogongwa niliruka nimfuate, na miguu haikuwepo. Yaani haikuwepo kabisa, kuanzia magotini kwenda chini ni magogo ya mtu mwingine. Nikaenda mzima mzima kwenye ule mlango wa karatasi, nikaupasua, nikaangukia barazani, nikaviringika mpaka kwenye changarawe yao nzuri, na vibarua waliokuwa wakibeba mabomba kando ya uzio wakasimama wakaona mwanamke wa makamo, nywele wazi, suruali ya kulalia, anatambaa kwa mikono. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Nikasikia gari inawashwa. Nikaita, "Mjomba! Mjomba!" huku natambaa, kisha nikasimama, nikachechemea mpaka langoni hivyo hivyo, pekupeku, na watu wote wa kambi wametoka kutazama. Pikapu yake ilikuwa vumbi tu njiani.

Bawabu, Mbaluchi mtu mzima, alivua kilemba chake akanipa nijifunike, bila ya kunitazama. Nikamuuliza kwa Kiarabu, mzee kasema nini?

"Kasema mamako mgonjwa sana, amekuja kukuchukua. Aliporudi nikamuuliza, umemwambia? Akasema, nimemkuta yuko kwenye ibada yao."

Mnajua, mpaka hapo bado nilikuwa nina aibu ya kuanguka. Aliposema hivyo ile aibu ikatoka ikaingia nyingine.

Gari ya kampuni ilikuwa imekwenda Nizwa, tukangoja. Nilivaa buibui langu, nikakaa barazani mguu umevimba, na Bi Haruko kapiga magoti mbele yangu anasema kosa ni lake, kosa ni lake, mpaka nikamwomba anyamaze. Gari iliporudi alishika usukani mwenyewe. Tukapita Izki, tukashika njia ya Sinaw, na mahali lami ilipokwisha gari ikawa inarukaruka kwenye mawe na yeye kaung'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili. Njia nzima nilikuwa nampangia mama maneno, nitamwambia hivi, nitamchekesha kwa habari ya kukoroma, maana alikuwa anapenda kunicheka.

Tuliingia Ibra baada ya alasiri. Kwenye uchochoro wetu tukakutana na wanaume wanarudi kwa miguu, wengi, hawazungumzi, na pindo za kanzu zao zina udongo. Bi Haruko akasimamisha gari kuwapisha. Hakuna aliyeniambia. Niliona udongo ule nikajua wanatoka kuzika.

Mjomba alikuwa katikati yao. Nikashuka, nikamwendea nachechemea mbele ya wanaume wote wale, nikamshika mkono niubusu.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, sikujua."

Hakuutoa mkono wake, lakini haukuwa na uhai. Akasema, taratibu, na waliokuwa karibu wakasikia, "Ulikuwa na shughuli, binti. Nikaona nisikukatize." Kisha akenda zake na wenziwe.

Ndani wanawake wamejaa. Dada wa mama, khalati Zayana, alinikumbatia akalia, kisha akanisukuma kidogo anitazame usoni. "Ulikuwa wapi, Zuwena? Kaka kakufuata mpaka huko majabalini."

Mtu ukiulizwa hivyo msibani unajibu nini? Kichwa kilikuwa hakifanyi kazi, nikasema kitu cha kweli. "Nilikuwa najifunza kuvuta pumzi, khalati."

Waliokuwa karibu wakageuka kunitazama.

"Kuvuta pumzi," akasema khalati. Hakupandisha sauti. "Mamako tangu alfajiri anaitafuta pumzi hakuipata."

Mama alikuwa na pumu. Nikakaa chini pale pale mlangoni kwenye viatu vya watu. Bi Haruko, ambaye hakuelewa hata neno moja, akakaa chini pembeni yangu, kwa magoti, kichwa kainamisha, mpaka magharibi, na wanawake wakawa wanatupita kama mizigo miwili iliyosahauliwa.

Habari ilitembea, bila ya shaka. Nizwa ilifika kuwa Zuwena amemgomea mjomba wake kwa sababu anaabudu na Wajapani. Vibarua nao wakaongeza yao. Kazi niliiacha, si kwa kufukuzwa, nilishindwa kupita langoni. Mjomba alikuwa akija kwetu sikukuu, anakula, anawapa wanangu peremende, anazungumza na Nassor, na mimi ananijibu ninachouliza, basi.

Miaka ikapita, akaugua yeye, nikawa naye hospitali. Siku moja namlisha uji akaniuliza ghafla kama naikumbuka asubuhi ile aliyonifuata. Nikamwambia naikumbuka kila siku, na kwamba sijapata kujua mama alikuwa anataka nini kwangu.

"Hakutaka kitu," akasema. "Nilikuwa nishaleta gari nimpeleke hospitali. Akakataa kutoka. Anasema madaktari wanaume watamwona nywele timtim, na hasukwi na mtu ila Zuwena. Kamlete Zuwena anisuke, ndipo niende. Nikaona ubishi utammaliza pumzi, nikakufuata."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, sikuweza kukipeleka popote.

"Mbona hukunambia, mjomba? Siku zote hizi?"

"Ningekwambia mbele ya watu wale msibani?" akasema. "Ungebebaje?" Akafungua mdomo nimpe uji.

Basi kisa changu ndicho hicho. Kiuno bado kinaniuma, na wanangu wananambia siku hizi yoga inafundishwa hata Maskati, tena wanawake peke yao, twende mama. Siendi. Nimeapa. Na mtu akibisha hodi kwangu hata niko kwenye josho na povu kichwani, hujibiwa kabla hajauondoa mkono mlangoni, awe muuza samaki, awe nani, wajukuu wananicheka kwamba bibi anapiga kelele kama anafukuza mbuzi. Na wacheke.