Kibali cha Kumchinja Ministro

Jumanne asubuhi Argelio Pupo alipita nyumba kwa nyumba katika kitongoji cha Jagua Vieja, akawaambia watu kwamba Jumapili, saa sita mchana, atamchinja fahali wake. Hakunong'ona. Alisema kama mtu anayealika harusi: akataja saa, akawataka waje na sahani zao kwa sababu za kwake zisingetosha.

Alipofika kwa Nérida Quiala alisimama nje ya ua, wala hakuvua kofia.

"Na wewe njoo," alisema. "Njoo na daftari lako. Mara hii uandike tangu mwanzo."

Nérida alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewahesabu ng'ombe wa Jagua Vieja. Ndiyo kazi aliyoisomea katika chuo cha kilimo mjini Camagüey, yeye binti wa mkata miwa, wa kwanza kwao kushika kalamu ya mshahara. Aliendesha baiskeli ya Kichina kutoka zizi hadi zizi, na alimjua kila ng'ombe kwa pembe zake. Kila ndama aliyezaliwa aliandikishwa kwake. Kila ng'ombe aliyekufa alihitaji karatasi yenye sahihi yake. Ng'ombe alikuwa mali ya mfugaji kwa kulishwa, kuogeshwa na kutibiwa. Kwa kuliwa, alikuwa wa serikali. Mtu aliyechinja wa kwake bila kibali alifungwa, na kibali kwa mtu binafsi hakikuwahi kutolewa hata kimoja.

Kwa hiyo ng'ombe wa Jagua Vieja walikufa kwa ajali. Walitumbukia visimani, walipigwa na radi mbingu zikiwa nyeupe, na zaidi ya yote waligongwa na treni ya miwa. Mwaka mmoja treni iligonga ng'ombe kumi na wanne ndani ya mwezi ambao haikuwa na mafuta. Nérida alitia sahihi kumi na tatu. Kwa yule wa kumi na nne alimuuliza mwenyewe, mzee Hortensio, kama hana haya.

"Treni tuliisukuma, ndugu," Hortensio alijibu. "Kwa mikono."

Akatia sahihi na ya kumi na nne.

Argelio peke yake hakusingizia treni. Miaka sita nyuma, binti yake akiwa mjamzito na damu imempungua, alimchinja mtamba nyuma ya nyumba, akamwambia Nérida waziwazi kuwa amemchinja. Siku hiyo Nérida alikuwa amekuja na mkaguzi kutoka mkoani. Akaandika: amechinjwa. Argelio akahukumiwa miaka minane. Baadaye, kila alipoulizwa, na aliulizwa mara chache kwa sababu watu walimwogopa, Nérida alisema kwamba mkaguzi alikuwa amemsimamia na asingeweza kuandika vingine.

Sasa serikali ile haikuwepo. Ilianguka mwezi Machi, katika wiki moja, Jagua Vieja wasisikie hata mlio wa risasi. Neno "ndugu" lilikufa pamoja nayo na watu wakabaki hawajui waitane nini. Argelio alitoka gerezani na kundi la pili la waliosamehewa, kwa sharti kwamba akivunja sheria, ile miaka miwili iliyosalia itarudi juu ya hukumu mpya. Na Baraza la Mpito lilikuwa limetangaza redioni kwamba sheria zote zinabaki kama zilivyo mpaka bunge lichaguliwe mwezi Novemba. Zote. Kituo cha polisi kilikuwa na sajini yule yule, Yoandri Leyva, kijana wa hapo hapo.

Alhamisi Yoandri alikuja ofisini kwa Nérida, akaegesha pikipiki kivulini.

"Ndu..." alianza, akajisahihisha. "Mama Nérida. Hili la Jumapili."

"Nimealikwa."

"Hata mimi nimealikwa. Ameniambia nije na sahani." Hakucheka. "Mimi bila karatasi yako siwezi kumkamata. Ukiandika amechinjwa bila kibali, namchukua. Ukikataa kuandika, wewe umeficha kosa, nakuchukua wewe."

"Na usipomchukua mtu?"

"Watasema kituo hakina mwenyewe. Wanatupima sasa hivi, sajini mmoja mmoja. Nikimkamata, mimi ni wa zamani. Nisipomkamata, sifai kwa lolote. Nina watoto wawili, mama."

"Si uombe amri mkoani."

"Nimeomba. Wamesema nitumie busara."

Alilitamka neno hilo kama jina la ugonjwa.

Ijumaa Nérida alikwenda kwa Argelio. Alimkuta barazani akinoa kisu, mkewe Mirtha akimenya muhogo. Zizini, Ministro alikuwa akitafuna majani. Alikuwa fahali mweusi wa miaka minne, aliyezaliwa Argelio akiwa gerezani. Mirtha ndiye aliyemlea na kumpa jina hilo, yaani Waziri, kwa kuwa alikula vizuri na hakuwahi kulima.

"Reli iko mita mia tatu," Nérida alisema. "Mpeleke kesho alfajiri. Karatasi nimeshaijaza, imebaki tarehe."

"Treni haijapita tangu Aprili."

"Lini ililazimika kupita?"

Mirtha aliangua kicheko, akakikata alipoona mumewe hacheki.

"Sikukaa miaka sita ndani ili nitoke nije kusema uongo juu ya ng'ombe," Argelio alisema. "Atakufa kwa kisu, mchana, watu wakiona. Nitakula nyama, na nikiulizwa nitasema ni nyama."

"Watakurudisha."

"Nani? Yoandri hana kalamu. Kalamu ni yako."

"Mara ile mkaguzi alikuwa..."

"Mkaguzi alikuwa amelala kwenye gari, mdomo wazi. Nilimwona juu ya bega lako. Na wewe ulimwona, maana ulipokwenda kuchukua daftari uliufunga mlango wa gari polepole usije ukamwamsha."

Jiwe la kunolea liliendelea kukwaruza. Nérida alitazama mikono yake. Kwa miaka sita hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, naye alikuwa amejisimulia ile hadithi ya kusimamiwa mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe alikuwa karibu kuiamini.

"Nenda, Nérida," Mirtha alisema taratibu. "Muhogo hauishi nikiwasikiliza."

Jumamosi alijifungia ofisini. Daftari lilikuwa na safu tano: waliozaliwa, walionunuliwa na serikali, walioibwa, waliokufa kwa maradhi, waliokufa kwa ajali. Alichukua rula akapiga mstari wa sita pembeni, penye nafasi finyu. Kichwa cha safu kilimchukua muda. Aliandika "Kuliwa" kwenye karatasi ya pembeni, akaona ni neno la jikoni, akalikata. Mwishowe aliandika: Matumizi ya mwenye mali. Kisha akapiga chapa kibali, nakala mbili, akakipa namba moja, akagonga mhuri. Hakuwa na mamlaka ya kukitoa. Alijua adhabu ya kughushi hati ya serikali, kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya namna hiyo, na aliyeshtakiwa alifungwa.

Adhuhuri alikiweka mbele ya Argelio.

"Ng'ombe wangu," Argelio alisema baada ya kukisoma, "kibali chako?"

"Ndiyo."

"Sikukuomba."

"Najua."

"Basi kichukue. Sikitaki."

Nérida alikisukuma chini ya kopo la chumvi mezani, mbele ya Mirtha, akaondoka.

Jumapili watu walikuja, lakini hawakuingia uani. Walisimama barabarani kwenye vumbi, wanawake wamezifunika sahani kwa vitambaa vya jikoni, wanaume wakijifanya wanajadili mvua. Kila mmoja alikuwa mahali ambapo angeweza kusema alikuwa anapita tu. Nérida peke yake alivuka lango, akasimama karibu na zizi, daftari kwapani.

Saa sita Argelio alimtoa Ministro. Hakutoa hotuba. Alimfunga miguu, akamwangusha kwa kamba akisaidiwa na mkwewe, mume wa yule binti, akachinja. Fahali alikoroma, akatupa miguu, akatulia. Harufu ya damu ilifika barabarani, na mbwa wa kitongoji kizima wakaja kabla ya watu.

Walikuwa wamechuna nusu ya ngozi pikipiki iliposikika.

Yoandri aliingia akiwa amevaa sare kamili, mkononi ana ubao wa kuandikia. "Mwenye ng'ombe ni nani?"

"Yoandri, mimi ndiye niliyekufundisha kupanda farasi," Argelio alisema.

"Mwenye ng'ombe ni nani?"

"Mimi."

"Aliyechinja?"

"Mimi."

Sajini alimgeukia Nérida. "Daftari linasemaje?"

Nérida alifungua, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea vifo vyote: "Fahali, mweusi, miaka minne. Safu ya sita, matumizi ya mwenye mali. Kibali namba moja."

"Kuna safu ya sita?"

"Ipo."

"Kibali kimetolewa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa sheria gani?"

"Wewe uliambiwa utumie busara. Mimi sikuambiwa kitu, nimetumia ya kwangu."

Mirtha alikwenda ndani akarudi na karatasi, punje za chumvi zikiwa bado juu yake. Yoandri aliisoma mara mbili, akaupitishia mhuri kidole. "Mhuri huu ni wa zamani."

"Na kofia yako je?" Hortensio alisema kutoka barabarani. Watu wakacheka, kicheko kifupi cha puani, kikaisha.

Sajini hakugeuka. Alikuwa amepata mahali pa kushika. "Mzee Argelio, kibali huombwa. Wewe uliomba hiki?"

Hapo Nérida akalifunga daftari. Alilijua jibu, na alimjua anayejibu. Neno moja tu lingetosha kumfanya yeye mghushi, mbele ya kitongoji kizima, na kumrudisha Argelio alikotoka. Argelio alikuwa na sababu ya kulisema, na hakuwa mtu wa kusema uongo.

Argelio alijifuta mikono kwenye suruali, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Sikuomba," alisema.

Yoandri aliinua kalamu.

"Aliniletea jana, mimi na mke wangu tukiwa pale mezani. Nikamwambia sikitaki. Akakiacha. Kililala nyumbani kwangu usiku kucha, kabla kisu hakijatoka."

"Kwa hiyo ulikuwa nacho."

"Kilikuwepo. Mimi sikukigusa. Andika hivyo, na uandike lote."

Sajini aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza aliisoma taarifa mwanzo hadi mwisho: kibali kilikuwepo kabla ya kuchinja, mwenye mali hakukiomba wala hakukigusa. Akampa Argelio atie sahihi, kisha Nérida. Akachukua nakala moja ya kibali, akaikunja mara nne.

"Nitaipeleka mkoani," alisema. "Wakisema vingine, nitarudi. Kwa wote wawili."

"Ukirudi uje na sahani," Mirtha alisema.

Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili, ikawaka. Vumbi lilipotua, Hortensio alikuwa ameshavuka lango, anatafuta mwenye koleo la makaa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, na vitambaa vikatolewa juu ya sahani.

Argelio hakuwa amemtazama Nérida. Alirudi kwenye ngozi, akainama, akasema akiwa amempa mgongo:

"Hii haifuti ile."

"Haifuti," Nérida alisema.

"Siku ile ungeandika treni."

"Ningeweza. Mkaguzi alikuwa amelala."

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Mirtha alikokota kiti akakiweka kivulini, karibu na Nérida, akaenda kuangalia muhogo. Nérida hakukaa, wala hakuondoka.