Vijiko Vinne vya Dawa ya Kifua

Mimi ni mtu wa kuingilia. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure. Ukiumwa nyumbani kwangu utapona, utake usitake, na ukikataa dawa utainywa ndani ya uji bila kujua. Ndivyo mama yetu alivyotulea Bungoma, kwenye nyumba za nyuma ya msikiti. Mgonjwa mkaidi hubishani naye. Unamwekea dawa kwenye kinywaji, unanyamaza, na akishainuka unamwambia mbele ya watu, watu wacheke, na yeye mwenyewe acheke. Mume wangu, Mungu amrehemu, alimeza dawa za malaria kwa mtindo huo miaka yote ya ndoa yetu. Sikuona ubaya wowote mpaka alipokuja yule msichana kutoka Norwei.

Wakati huo nilikuwa nimeshakaa Kitale miaka mingi, mjane, watoto wameondoka. Mwalimu mmoja jirani yangu akaniuliza kama naweza kumpokea mgeni kwa wiki nane, mwanariadha. Nikakubali, nikijua ni mkimbiaji, maana huku kwetu mwanariadha ni mtu wa kukimbia, basi. Kumbe! Msichana akafika na mfuko mrefu kunizidi, akatoa mbao mbili nyembamba zenye gurudumu mbele na nyuma, na fimbo mbili za kujisukuma. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba kwao mashindano ni juu ya theluji, kupanda na kushuka milima na mbao ndefu miguuni. Miezi ambayo theluji imeyeyuka, wanajinoa kwa magurudumu barabarani. Kitale alikuwa amefuata hewa nyembamba ya huku juu, impanue mapafu.

"Hewa tunayo tele," nikamwambia. "Chukua yote unayotaka."

Kila asubuhi alitoka na mbao zake kuelekea upande wa Kapenguria. Wiki ya kwanza barabara nzima ilisimama. Kina mama waliobeba maziwa walitua madumu yao waangalie. Wale wa bodaboda za baiskeli walishindana naye mlimani, na walishindwa, na wateja wao wakawacheka wakiwa wamekaa nyuma. "Mzungu amevaa baiskeli!" watoto walipiga kelele. Jina likamkaa. Hata sokoni waliniuliza, mgeni wako aliyevaa baiskeli hajambo?

Jioni tulikaa jikoni, mimi nikichambua mboga, yeye akinisimulia. Alivishwa mbao akiwa na miaka mitatu, na bibi yake. Alishinda mashindano ya watoto, akashinda ya vijana, halafu akakutana na wakubwa na akaanza kushindwa kwa sekunde. Alinionyesha picha yake mwisho wa shindano: amelala kifudifudi kwenye theluji, mate yameganda kidevuni. Nikamwuliza huo ni mchezo au ni adhabu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Lakini jambo moja hakulichekea. Kuna ile michezo mikubwa ya majira ya baridi, dunia nzima inakutana kila baada ya miaka minne. Mara ya kwanza aliachwa nje ya timu kwa nafasi moja tu. Mara ya pili alichaguliwa, akashikwa na homa wiki ya kuondoka, akabaki kitandani akiwaangalia wenzake kwenye televisheni. Sasa ilikuwa imebaki miezi saba, na yeye ana miaka thelathini na moja. "Hii ni ya mwisho, Mama," alisema. "Baadaye mimi mzee." Alikuwa ananiita Mama tangu siku ya pili, na mimi nikaliingiza jina hilo moyoni, nikamchukua kuwa wangu. Niliitaka ile michezo kama vile mimi ndiye nitakayevaa zile mbao.

Ikaingia Julai na baridi yake na mvua ya kila alasiri. Akarudi siku moja amelowa chapachapa, na kesho yake kifua kikambana. Usiku kucha nilimsikia akikohoa. Asubuhi akatoka mazoezini, akarudi baada ya nusu saa, midomo haina rangi, akakaa kwenye ngazi ya mlango akivuta pumzi kama mtu aliyenyimwa. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Nikamwambia basi dawa. Akatikisa kichwa.

"Mama, siwezi kumeza kitu chochote bila kuuliza daktari wa timu."

"Muulize basi!"

Alijaribu simu siku nzima, haikupatikana. Akasema atangoja. Ati angoje! Mtu hapumui, anangoja simu ya daktari aliye ng'ambo ya dunia. Nikaona huu sasa ni ukaidi wa kizungu, na ukaidi mimi naujulia.

Mdogo wangu alikuwa na duka la dawa Bungoma. Nikampigia, nikamweleza, na siku iyo hiyo akanitumia chupa kwa mtu aliyekuwa anakuja Kitale. Dawa ya maji, nyekundu, tamu, ile ya kufungua kifua. "Vijiko viwili, mara tatu," akasema mdogo wangu. Nikamtazama msichana, urefu ule, mapaja yale, nikasema viwili vitamfanya nini huyu. Nikaweka vinne. Nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi nyingi, nikakoroga, nikampelekea. Akanywa yote. Akasema, "Chai yako ni dawa, Mama." Nilitoka haraka nisije nikaangua kicheko.

Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne aliamka ametabasamu, kifua kimefunguka, akanikumbatia pale pale jikoni na mikono yangu imejaa unga. Siwezi kukueleza furaha niliyokuwa nayo. Nikapanga nimfichulie Jumapili, mwalimu jirani akija kula, tucheke wote.

Jumamosi asubuhi wakaja wageni wawili na gari la kukodi, mwanamke na mwanamume, na kisanduku cha chupa. Wanataka mkojo wake. Nilidhani nimesikia vibaya. Yeye hakushangaa, akasema ni kawaida, wachezaji wote hupimwa bila taarifa, kuona kama wametumia dawa zilizokatazwa. Yule mwanamke akamfuata mpaka chooni, anataka kusimama amtazame. Nikawaka! Nikasimama mlangoni nikamwambia kwangu mgeni hatazamwi akijisaidia, aibu gani hii. Msichana akaniomba nitulie. "Ni sheria tu, Mama. Sina cha kuficha."

Niliwapikia chai hao wageni. Nikawafungia na mandazi ya njiani. Kichwani mwangu dawa za wanariadha zilikuwa ni sindano, vitu vya kujificha vya watu waovu. Chupa tamu ya dawa ya kifua haikunipitia akilini hata kidogo. Na ile Jumapili mwalimu hakuja, mzaha wangu ukapitwa na wakati, nikaacha.

Akarudi kwao mwezi wa nane, tukalia wote wawili. Wiki chache baadaye simu ikalia mchana. Nilikuwa Bungoma, nimekaa dukani kwa mdogo wangu, nimeegemea meza yake. Sauti ilikuwa yake lakini imekauka.

"Mama, wamepata kitu kwenye mkojo wangu. Dawa ya kifua, nyingi. Nakuomba niambie ukweli. Uliniwekea kitu?"

Macho yangu yalikuwa yanaiangalia chupa ya dawa ileile, nyekundu, imepangwa na nyingine rafuni. Mdogo wangu akanitazama. Karatasi za duka lake hazikuwa zimekamilika, alikuwa bado anazifuatilia, na nikaona polisi, nikaona kufuli mlangoni, nikaona jina langu kwenye magazeti ya Ulaya. Yote hayo kwa muda wa kumeza mate.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Chai tu."

Akasema, "Sawa, Mama. Nakuamini." Akakata.

Siku tatu sikula. Nilisimama kuswali, ulimi ukagoma. Siku ya nne nikampigia, nikamwambia yote, vijiko vinne, siku tatu, chai ya tangawizi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema kwa upole kwamba alikuwa ameshawaandikia wakubwa wa mchezo, ameapa kwamba alimwuliza mama aliyemlisha na huyo mama akasema hakuna kitu. Sasa akibadilisha maneno wataona ametunga. Lakini tujaribu, akasema.

Nikaenda kwa wakili karibu na mahakama ya Bungoma, mdogo wangu akanisindikiza, maana naye alikuwa amesema liwalo na liwe. Nikashika msahafu, nikaapa, wakili akaandika kwa Kiingereza, akagonga muhuri mara tatu. Mdogo wangu akaweka sahihi yake chini ya yangu. Tukatuma. Nikaomba dua mpaka magoti yakauma. Nilikuwa na ujinga wa kudhani kwamba ukweli ukishasemwa, watu huusikia.

Jibu lilipofika alinisomea kwenye simu, akitafsiri polepole. Kilichomo mwilini mwa mchezaji ni chake, haijalishi mkono uliokitia. Na huyu shahidi alikana kwanza, akakiri baadaye, hawawezi kumtegemea. Miaka miwili asishindane popote.

Nilimwambia nitakuja huko mwenyewe, nisimame mbele yao, wanione. Akacheka kidogo. "Utakuja na nini, Mama?" Kweli, ningekwenda na nini? Sikuwa hata na pasipoti. Nilikuwa mwanamke wa Kitale mwenye sufuria. Kila kitu nilichojua kufanya duniani, kupika, kufokea watu, kumkalia mtu mpaka akubali, hakikuwa na pa kushika.

Mwezi wa pili michezo ile ikafika. Kuna hoteli moja mjini ilikuwa na televisheni ya dishi kwa ajili ya mpira, nikaenda alasiri nikamwomba mwenyewe aniwekee. Vijana wakanung'unika. "Mathe, hii ni nini bana? Si uturudishie mpira." Nikawaambia wakae kimya, na walivyoniona uso, wakakaa. Wanawake wakapita mmoja mmoja kwenye theluji, wenye namba vifuani, mate yakiganda. Nilitazama mpaka wa mwisho akavuka mstari akaanguka kifudifudi. Nikajifunika uso kwa mtandio, nikalia mbele ya vijana wale, na mmoja wao akaniletea soda bila kuniuliza.

Hakurudi tena kwenye mashindano. Miaka miwili ilipoisha, miguu, alisema, ilikuwa imeshasahau. Akaenda kuwafundisha watoto wa kijijini kwao.

Halafu alinitembelea, miaka kadhaa baadaye, likizo ya wiki mbili, na mfuko mdogo tu mgongoni. Watoto waliomwita aliyevaa baiskeli walikuwa wameota ndevu. Tulikumbatiana getini muda mrefu. Nikamwomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nyingi, yakatoka ovyo. Akanishika mikono yote miwili. "Nilikusamehe zamani, Mama. Ulitaka nipone." Na ninajua hakusema uongo, simjui kuwa mwongo. Mwongo nilikuwa mimi.

Tukaingia jikoni. Nikapika chai mbele yake, nikitaja kila kitu kabla sijakitia: maji, haya, maziwa, haya, majani, tangawizi, sukari. Akacheka. "Mama, wacha hayo." Nikammiminia, nikamsogezea.

Akakiinua kikombe huku ananiuliza habari za mdogo wangu, kama anaendelea vizuri, kama duka bado lipo. Nikamjibu lipo. Alikinywa chote, akaomba cha pili, akaomba na cha tatu. Lakini kile cha kwanza, kabla hakijagusa mdomo wake, alikinusa. Sidhani hata alijua.