Antena Mpya za Mkiwa

Nilikuta mnada umechangamka Mkiwa wiki iliyopita. Mama mmoja muuza mafuta ya alizeti alikuwa ameinua simu juu ya kichwa, akiihamisha kutoka mkono huu hadi ule. Binti yake alikuwa zahanati kule Mitundu, ameshikwa na uchungu wa kujifungua tangu alfajiri.

"Ona, vijiti vya mtandao vimejaa vyote, lakini simu haitoki," aliniambia.

Chini ya mnara wa simu, fundi alikuwa akivua mikanda ya kupandia. Mama akamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnara huu kwa nini unagoma siku za mnada tu?"

"Watu wanakuwa wengi, mama, na antena zilikuwa chache, mnasubiriana. Leo tumeongeza. Sasa zinahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Hebu piga."

Akapiga. Ikaita. Akasikiliza, kisha akaketi palepale vumbini.

"Wa kike? Na mama yake mzima?"

Alicheka huku machozi yanamtoka. Fundi akageuka, akajifanya anakunja kamba.

Kwenye ripoti yake ataandika kwamba uwezo wa mtandao umeongezeka. Sidhani kama fomu ina nafasi ya kuandika kwamba bibi amepata habari za mjukuu wake.